Namba ya chini ya mstari

Siku tuliyofundishwa sehemu, mwalimu alichora mstari mfupi ubaoni, akaandika tarakimu moja juu yake na nyingine chini. Ya juu, akasema, inaitwa kiasi; ya chini inaitwa asili. Tukakariri kwa sauti, kiasi juu, asili chini, kengele ikalia tukatoka mbio. Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba nimeajiriwa kuitafuta ile ya chini.

Nikiulizwa kazi yangu nasema mimi ni mtaalamu wa epidemiolojia, halafu natulia kidogo, maana najua kitakachofuata. Wapo wanaoitikia kwa adabu na kubadili mazungumzo. Wapo wanaopandisha shati wanionyeshe vipele. Mama yangu, aliyechoka kunifafanua kwa majirani, amelimaliza suala hilo kwa maneno matatu: "Daktari asiyetibu watu." Na hata huo udaktari sina, shahada yangu ya kwanza ni ya takwimu.

Ila hakukosea sana. Daktari humwona mgonjwa aliye mbele yake, akauliza anaumwa nini. Mimi nawatazama wote kwa mpigo, wanaoumwa na wasioumwa, nikauliza kwa nini hawa na si wale, kwa nini hapa na si ng'ambo ya barabara, kwa nini wiki hii. Ukiniambia kuna wagonjwa 30 wa kuhara, bado hujaniambia kitu. Thelathini kati ya wangapi? Ndani ya bweni la watu 60 hilo ni balaa. Katika mji wa watu milioni moja huenda ni wiki ya kawaida tu. Vichwa vya habari hupenda kiasi, kwa sababu kiasi kinatisha na kinauza. Asili haina mpenzi.

Kila mwanafunzi wa fani hii hulishwa mapema kisa cha John Snow na pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854. Kinasimuliwa kama muujiza: daktari akachora ramani ya vifo vya kipindupindu, vifo vikaizunguka pampu, mpini ukang'olewa tarehe 8 Septemba, ugonjwa ukakoma. Ukweli ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mpini haujaguswa, kwa kuwa watu wengi walishaukimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Mimi waliokufa hawanivutii kama wasiokufa. Karibu na pampu kulikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na kipindupindu kiliua watano tu humo. Kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja. Mtu mvivu angewaruka hawa, kwa sababu wanaiharibu ramani. Snow akaenda kuuliza. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake yenyewe. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakipewa bia, na mwenye kiwanda aliamini hata hawayagusi maji ya pampu.

Halafu kuna mjane aliyefia Hampstead, mbali kabisa, mahali ambapo kipindupindu hakikuwepo. Aliwahi kuishi karibu na Broad Street na aliyapenda maji yale, hata baada ya kuhama akawa analetewa chupa. Alikunywa, akafa. Binti wa ndugu yake aliyekuwa amemtembelea akanywa, akarudi kwake Islington, akafa naye. Kifo kimoja mahali kisipotarajiwa kina maneno mengi kuliko vifo hamsini mahali kinapotarajiwa.

Na kazi yake kubwa zaidi haina hata pampu ndani yake, ndiyo maana haisimuliwi. Kusini mwa London kampuni mbili zilisambaza maji katika mitaa ileile, wakati mwingine nyumba mbili zilizopakana zikiwa na mabomba ya kampuni tofauti. Moja, Southwark and Vauxhall, ilivuta maji ya mto Thames palipojaa uchafu wa jiji. Nyingine, Lambeth, ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake mwaka 1852 kwenda sehemu ya juu ya mto, kabla maji hayajafika jijini. Snow alikwenda mlango kwa mlango kuuliza maji yanatoka kwa nani. Katika kila nyumba 10,000 za ile ya kwanza kulikuwa na vifo 315; za ile ya pili, 37. Hapo kwenye "kila nyumba 10,000" ndipo penye kazi. Vifo vilikuwa vimeshahesabiwa na wengine. Nyumba ndizo zilizokuwa zinasubiri mtu wa kuziuliza.

Mimi niliingia huku kwa mlango wa uani. Baada ya chuo nilipata kibarua cha kuingiza fomu za mradi wa chanjo kwenye kompyuta, mamia kwa siku, mpaka nikaota safu za jedwali. Siku moja nikagundua kwamba watu wa umri wa miaka 30 na 35 walikuwa wengi ajabu, na wa miaka 31 karibu hakuna. Nilidhani nimeharibu kitu. Msimamizi wangu akacheka: watu wasiojua mwaka waliozaliwa hukadiria, na anayekadiria hukimbilia sifuri au tano. Alilitaja kama jambo la kila siku, akaendelea na shughuli zake. Mimi sikulala. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba nyuma ya namba kuna mtu aliyekaa, akafikiri, akajibu kwa namna yake. Mwaka uliofuata niliomba nafasi ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii.

Baada ya hapo nikaenda kwenye mafunzo ya miaka miwili ya uwandani, yale ambayo unafundishwa kwa kutupwa kwenye mlipuko. Mtindo huo ulianzia Marekani mwaka 1951, chini ya Alexander Langmuir, na nembo ya kikosi chake hadi leo ni soli ya kiatu iliyotoboka. Mwaka 1980 Thailand ikaanzisha ya kwake, na sasa nchi nyingi zinazo. Soli iliyotoboka si pambo. Nimemaliza jozi tatu za viatu, na viwili kati ya hivyo viliishia kwenye klorini.

Sasa niungame. Ulikuwa mlipuko wa kipindupindu, mwaka wangu wa pili wa mafunzo, na mimi ndiye niliyeshika jedwali. Kila jioni vituo vilituma idadi ya wagonjwa wapya kwa ujumbe wa simu, naingiza, grafu inajichora yenyewe. Wiki ya tatu nguzo zikaanza kushuka siku baada ya siku, ngazi kwa ngazi. Asubuhi kwenye kikao, mbele ya wakubwa, nikaionyesha ile grafu na kutamka, kwa sauti ya mtu asiyewahi kukosea, kwamba tumeshavuka kilele. Kikao kikafurahi. Kabla ya saa sita mchana, timu moja kati ya mbili zilizokuwa zikitibu maji kando ya mto ikaambiwa ifungashe iende upande mwingine.

Kesho yake nilikwenda huko kwa pikipiki. Sikuwa na shaka yoyote, nilifuata fomu. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, na klorini unaisikia kabla hujaliona jengo. Ndani, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Vilipokwisha vitanda, mikeka. Ilipokwisha mikeka, sakafu. Muuguzi alikuwa mmoja. Nilimkuta amepiga goti anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtu mzima ambaye ngozi yake, ukiibana, inabaki imesimama. Nikamsalimu. Aliitika bila kuinua kichwa.

"Sista, naomba rejista."

"Iko mezani, Daktari."

Ilikuwa mezani kweli, imenyooshwa, mistari imepigwa kwa rula, kalamu juu yake. Jina la mwisho liliandikwa siku nne nyuma. Baada ya hapo, weupe mtupu. Nikamuuliza, kwa upole nilioudhani ni upole, mbona hajaandika.

"Ningeandika," akasema, "mshipa angetafuta nani?"

Kisha, mikono ikiwa palepale, akaelekeza kidevu ukutani. Kulikuwa na maboksi matupu ya dripu, yamepangwa. Ubavuni mwa boksi la juu alikuwa amechora vijiti kwa kalamu, vinne vimesimama na cha tano kimevikata, fungu kwa fungu, kila anayeingia mlangoni kijiti kimoja. Siku na siku zilitengwa kwa mstari mrefu. Kona moja ya boksi ilikuwa imelowa na wino umesambaa, nikalazimika kuinamia kwa tochi ya simu. Nikachuchumaa, nikahesabu, nikarudia. Kila siku ilikuwa na vijiti vingi kuliko ya jana yake.

Kabla sijasimama nilishajua nilichofanya. Zahanati ile, yenye wagonjwa wengi kuliko zote, ilikuwa haijatuma ujumbe kwa siku nne, na vituo vingine viwili vilikuwa vimenyamaza baada yake, kimoja leo, kingine kesho. Kisanduku kilichobaki kitupu, fomula yangu ilikisoma kama sifuri. Kadiri wauguzi walivyozidi kulemewa, ndivyo grafu yangu ilivyozidi kupendeza.

Nililibeba lile boksi kwenye pikipiki, nimelikumbatia kama mtoto, nikaliweka juu ya meza ya kikao. Timu ilirudishwa baada ya siku mbili. Kiongozi wangu hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: vituo vilivyotuma taarifa vilikuwa vingapi kati ya vingapi? Sikuwa nalo jibu. Nilikuwa nimebeba kiasi cha vituo vilivyopata nafasi ya kushika simu, nikakisoma kana kwamba asili yake ni nchi nzima. Watu wangapi waliumia kwa zile siku mbili ni hesabu ambayo ningeifanya kwa rejista, na rejista ilikuwa nyeupe.

Tangu siku hiyo nina ukali mmoja ambao wenzangu huutania: sifuri iandikwe. Kama hakuna mgonjwa, niandikie 0, usiniachie pengo. Sifuri ni taarifa. Mtu amefungua daftari, ametazama, hakuona. Pengo halisemi lolote, na mara nyingi limeficha jambo.

Waliojenga mfumo wa kusaka polio waliliona hili mapema kuliko mimi. Wao hawahesabu polio peke yake. Wanatafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea viungo ghafla, hata kama chanzo ni kingine kabisa, kwa sababu inajulikana kwamba kulegea kwa aina hiyo huwapata watoto hata mahali pasipo na polio. Ndipo likawekwa sharti: kila watoto 100,000, kwa mwaka, apatikane walau mmoja wa kulegea kusikotokana na polio. Mkoa ukileta "hakuna" mwaka mzima haupigiwi makofi. Unatumiwa wakaguzi. Nadhani ni mojawapo ya mambo yenye akili zaidi kuwahi kufanywa na watu wa afya ya jamii, na sijawahi kuliona kwenye kichwa cha habari chochote.

Asili ndiyo iliyotusumbua pia mwanzoni mwa UVIKO-19. Dunia nzima iliuliza swali moja, ugonjwa huu unaua kiasi gani, na kila nchi ikagawa vifo kwa waliopimwa wakakutwa nao. Nani alipimwa? Aliyelazwa. Aliyekohoa nyumbani kwake wiki nzima akapona hakuingia chini ya mstari, kwa hiyo ugonjwa ulionekana mkali kuliko ulivyokuwa kwa walio wengi. Februari 2020 ikaja ile meli, Diamond Princess, imezuiliwa Yokohama ikiwa na watu 3,711. Kwa abiria ilikuwa jela. Kwa sisi, na nasema kwa haya, ilikuwa asili iliyokamilika, watu wanaojulikana idadi, wakipimwa karibu wote, wagonjwa na wazima. Waliothibitika kuambukizwa walifika 712, na karibu nusu ya waliogundulika hawakuwa na dalili siku ya kupimwa. Nilizikesha takwimu za meli ile kwa hamu ambayo ningeona aibu kuikiri mbele ya ndugu wa waliokuwemo.

Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, na vijana wanaoniandikia kuulizia njia ya kuingia huwa hawaiulizi. Wanauliza kama lazima uwe daktari. Hapana. Nimefanya kazi na wauguzi, madaktari wa mifugo, wanahesabu, na wanaanthropolojia. Hao wa mwisho zamani tuliwaita wakati mambo yameshaharibika. Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoanza Guinea mwishoni mwa 2013 na kuchukua watu zaidi ya 11,000, ilitufundisha kuwaita mapema. Maiti wa Ebola huambukiza, na waliotumwa kuzika wakiwa wamevaa kama wanaanga walikuta familia zimeficha wafu wao. Ilipokuja taratibu ya maziko salama na yenye heshima, ndugu wakiona, wakiomba dua zao, ndipo milango ikaanza kufunguka. Vijana huuliza pia programu gani ya kompyuta wajifunze. Jifunze R, ni bure. Lakini jifunze zaidi kuandika ukurasa mmoja ambao mkubwa mwenye haraka ataumaliza, maana uchambuzi wako ukiwa na kurasa 40 utafunguliwa baada ya mlipuko kwisha.

Wasichouliza ni mikataba. Kazi nyingi za afya ya kimataifa ni za miezi sita, miezi kumi na mmoja, zikifuata fedha za wahisani, na fedha za wahisani hufuata hofu. Grafu ikipanda, simu hailali. Grafu ikishuka, barua ya kufunga mradi iko njiani. Sijui fani nyingine ambayo ukifanya vizuri unajiachisha kazi. Nimewahi kupanga nyumba kwa mwaka na kukaa ndani yake wiki tisa.

Wala hawaulizi kuhusu majina. Kuna aina ya utafiti tunaouita wa helikopta: wageni wanatua, wanachukua sampuli na takwimu, wanapaa, makala inatoka kwenye jarida kubwa. Mara moja nilikusanya takwimu za miezi minne, dodoso kwa dodoso, na nikaja kulikuta jina langu kwenye shukrani, mstari mmoja na dereva. Dereva alistahili, tena angestahili kuwa juu yangu, kwani ndiye aliyejua barabara. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa kwa heshima nyingi kwamba sikushiriki katika "kufikiri". Barua hiyo bado ninayo. Siku hizi nasaini makubaliano ya uandishi kabla sijafungua daftari, na kijana akiniomba ushauri mmoja tu humpa huo.

Ya serikali ni marefu. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi, ikishatathmini kwamba tukio huenda likawa dharura ya kimataifa, iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye chumba cha kikao kuna mtu anayewaza watalii, mwingine anawaza mipaka kufungwa, na mimi niliyebeba majibu ya maabara. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walisema hivyo bila kanuni wala saa 24. Lakini na mimi simlaumu tena yule wa watalii kama zamani. Nchi zilizosema ukweli mapema zimewahi kufungiwa milango kama malipo, na mtu akiadhibiwa kwa kusema, mara ya pili atafikiri.

Nikichoka nasoma habari za ndui, hasa miaka yake ya mwisho. Watu hupenda pale mwanzo, daktari William Foege mashariki mwa Nigeria mwishoni mwa 1966, chanjo hazitoshi kuchanja kila mtu, akatumia redio za wamisionari kujua vijiji vyenye wagonjwa, kisha akawachanja waliowazunguka na kuuzingira ugonjwa. Ni kisa kizuri. Mimi napenda kinachokuja baada ya mgonjwa wa mwisho. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, alitokwa na vipele Oktoba 1977. Akapona. Hapakutokea mwingine wa maambukizi ya kawaida. Ungedhani watu wangekumbatiana wakaenda nyumbani. Badala yake walitafuta miaka miwili zaidi, nyumba kwa nyumba, wakibeba picha ya mtoto mwenye ndui, na ikatangazwa zawadi ya dola 1,000 kwa atakayefichua mgonjwa wa kweli. Hakuna aliyeichukua. Tangazo rasmi likatoka tarehe 8 Mei 1980. Fedha zote zile, soli zote zile, kwa ajili ya kuandika sifuri moja bila wasiwasi. Maalin mwenyewe baadaye alijiunga na kampeni za kutokomeza polio nchini mwake, na alikuwa katika shughuli hiyo malaria ilipomuua mwaka 2013.

Yule Sista wa zahanati ya kando ya mto bado tunawasiliana. Mradi ulifungwa zamani, mimi sina mamlaka yoyote kule, na hana wajibu wa kunipa taarifa. Lakini kila Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi hunitumia ujumbe wa tarakimu moja, bila salamu. Mwanzoni nilidhani ananikejeli, na pengine ni kweli. Jumatatu tatu zilizopita: 0, 0, 0. Leo ni Jumatatu, saa tisa alasiri, na hakijaingia kitu. Nimempigia mara mbili, simu inaita tu.